SOMO LA MWEZI: MANENO MACHACHE KITUONI

Mwezi huu tunapenda kuongea juu ya jambo lililogonga mlango wetu wenyewe.

Mama mmoja alitujia usiku. Kijana wake alikuwa anatafutwa kwa ajili ya simu iliyoibiwa. Akatuomba sisi wazee wa kanisa twende kituo cha polisi, tuseme kwamba jioni ile kijana alikuwa katika mazoezi ya kwaya. Hakuwepo. Mama alijua, nasi tulijua. "Ni maneno machache tu, baba mchungaji," akasema.

Maneno hayo machache yana kifungu chake. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu kila anayempa mtumishi wa serikali habari ambayo anajua au anaamini ni ya uongo, akikusudia au akijua kwamba itamfanya mtumishi huyo atende asilopaswa kutenda, au aache analopaswa kutenda, au atumie mamlaka yake kumsumbua mtu mwingine. Adhabu yaweza kufika miaka 3 gerezani. Anayesema uongo mahakamani baada ya kuapa ana kosa jingine, na hapo yaweza kufika miaka 7.

Wengine wanadhani sheria hii ni ya wale wanaomsingizia jirani kwa sababu ya ugomvi wa foleni ya maji. Hao wamo. Lakini yumo pia yule anayeacha kitambulisho dukani kama rehani ya deni, halafu anakwenda polisi kuandikisha kwamba kimepotea, apate karatasi ya kuombea kingine. Mwenye duka anacho mkononi. Siku atakapokitoa, deni la unga limekuwa kesi.

Kukosea si kusema uongo. Ukisema mwizi alivaa shati jekundu, kumbe lilikuwa la kahawia, na wewe ndivyo ulivyoona, hilo si kosa hili. Basi msiogope kupiga ripoti. Usilolijua, sema hulijui. Na kwa kuwa wengi wetu tunaongea kwa mkalimani, omba maelezo yako yasomwe kwa lugha unayoielewa kabla hujatia sahihi au kidole. Aliyekamatwa naye hana haja ya kutunga hadithi: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 49, inampa haki ya kunyamaza, na ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa.

Yote hayo tulimweleza yule mama. Tukamwambia tutamsindikiza asubuhi, na tukiulizwa tutasema tunayoyajua: kwamba kijana ni mwimbaji wetu, na kwamba jioni ile hatukumwona. Akalia sana. Asubuhi tulikwenda naye.

Jumapili mbili zimepita, hajaja ibadani. Tulimtembelea nyumbani, alitupa kiti, lakini hakutuambia neno. Juma hili tutarudi.