UANDISHI WA RATIBA: FUNZO NILILOLIPATA FLORIDA

Mwalimu mlezi aliponiomba niandike makala kuhusu ratiba, kusema kweli nilitaka kuruka ua. Ratiba! Nani anayependa ratiba? Wengi wetu tunapokutana nayo katika swali la kwanza la karatasi ya insha, lile la lazima, tunaona afadhali tungeulizwa barua au hotuba. Tunadhani ni kupanga saa upande mmoja na shughuli upande wa pili, basi kazi kwisha. Hivyo ndivyo nilivyodhani mimi nilipokuwa kidato cha pili, mpaka likizo ya Agosti ya mwaka 2023 iliponitoa tongotongo machoni.

Mwaka huo Mjomba, ambaye anafanya kazi Orlando katika jimbo la Florida, Marekani, alitualika tukamtembelee: Nyanya, Mama, mimi na mdogo wangu wa miaka sita. (Habari za viza ni hadithi ya siku nyingine.) Mjomba alikuwa na siku moja tu ya mapumziko katikati ya juma, Jumanne tarehe 22, naye alitaka kutupeleka sote kwenye bustani ya burudani iitwayo Disney's Animal Kingdom. Kwa simu akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiye mtu wa kusoma. Hebu tupangie hiyo siku." Nikavimba kichwa. Si nimefundishwa ratiba majuzi tu?

Nilikaa na daftari usiku mmoja nikatoa ratiba ya kupendeza kwa macho. Ilikuwa na shughuli kumi na nne, kila moja na nusu saa yake, kuanzia saa mbili hadi saa tisa. Kichwa kimepigiwa mstari, safu zimenyooka. Nikampa Mama. Mama akaisoma, akairudia, kisha akachukua kalamu akaanza kuhesabu kitu pembeni.

"Nyanya yako amekaa kwenye benchi mara sita humu," akasema. "Mwanangu, huyu mama hajamwona mwanawe miaka kumi na mmoja. Umempangia siku nzima na benchi."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimepanga siku yangu mimi, nikaweka majina ya watu wengine juu yake. Basi, ndugu msomaji, hilo ndilo swali la kwanza kabla hujapiga hata mstari mmoja: ratiba hii ni ya nani? Mtahini hukupa jibu katika swali (ni ya wazazi siku ya maombi, ni ya wageni siku ya michezo) nasi hulipita bila kulitazama.

Kosa la pili lilikuwa la saa. Niliandika "saa 2.00" na "saa 8.00" bila kuongeza lolote. Nakala ikatumwa kwa Mjomba, akaibandika kwenye friji. Binamu yangu wa miaka tisa, aliyezaliwa huko na ambaye Kiswahili chake ni cha kuokota, akaisoma kwa hesabu ya huko. Akawaambia rafiki zake kwamba tungeondoka saa nane mchana, maana "saa 2" kwao ni hiyo! Kwetu sisi siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwao huanza usiku wa manane, na tofauti ni saa sita kamili. Kwa hiyo andika kila mara "saa 2.00 asubuhi", "saa 8.00 mchana". Maneno hayo mawili madogo si mapambo.

Nilianza upya, na safari hii nilitafuta habari kwanza. Acheni niwape kwa ufupi nilizozipata, kwani ratiba hujengwa juu ya habari.

Kampuni ya Disney ina bustani nne kubwa karibu na Orlando. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1971, na hii ya wanyama ndiyo ya mwisho, ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Eneo lake ni ekari 580 hivi, yaani zaidi ya viwanja 300 vya kandanda, ingawa sehemu kubwa ni malisho ya wanyama. Ukimpangia mzee mwenye goti bovu shughuli ya saa nne upande mmoja na ya saa nne na nusu upande wa pili, umemwonea. Ndiyo maana nilianza kuandika muda wa kutembea ndani ya ratiba, jambo ambalo katika vitabu vyetu silioni likitiliwa mkazo.

Kisha kuna urefu. Vyombo vya kasi vina kipimo ambacho mtoto asipokifikia hapandi, hata alie machozi ya damu. Kuna mlima wa kuigiza uitwao Expedition Everest, ulioanza kazi mwaka 2006, ambapo treni hupanda juu kisha hushuka kwa kishindo, hata kinyumenyume. Kipimo chake ni sentimita 112. Nilimsimamisha mdogo wangu ukutani kwetu nyumbani nikampima: 109! Tatu tu! Alilia jioni nzima. Lakini heri alilia nyumbani, akapata muda wa kusahau, kuliko kulia mbele ya mlango baada ya kupanga foleni. Kwa bahati nzuri chombo cha kuelea kwenye maji yaendayo kasi kinataka sentimita 97 tu, nikamwahidi hicho.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni hesabu ya foleni. Hapa wenzangu wa Hisabati watanisamehe. Tuseme treni hubeba watu 34, na kila dakika inaondoka moja. Ukikuta watu 1,500 mbele yako utangoja kama dakika 44. Sasa chukua chombo kidogo cha watoto kinachobeba watu 32, lakini kwa kuwa kinapakia na kushusha polepole, kinaondoka mara moja kila dakika nne. Hicho hupitisha watu wanane kwa dakika. Wakiwa mbele yako watu 350 tu, utangoja dakika zile zile 44! Macho yanaona foleni fupi, kumbe wapi. Nilimweleza Mama hesabu hii akasema hata kwenye kliniki ni hivyo hivyo, usitazame wangapi wamekaa, tazama daktari anawaita kwa kasi gani.

Mwisho ni hali ya hewa. Agosti ya Florida ni joto la Mombasa la mwezi wa Machi, na alasiri mara nyingi hunyesha mvua ya radi. Radi ikikaribia, vyombo vya nje husimamishwa. Kwa hiyo mambo ya nje yawekwe asubuhi, ya chini ya paa yawekwe mchana. Asubuhi pia ndipo wanyama huwa wachangamfu, kabla jua halijawafukuza vivulini, jambo ambalo mfugaji yeyote angeniambia bure.

Hii hapa ratiba ya pili. Tazameni kwamba kichwa kinataja shughuli, mahali na tarehe, na kwamba kila shughuli inaanza kwa kitenzi-jina cha "ku-" tangu mwanzo hadi mwisho. Usianze na "Kuwasili" kisha ukaruka kwa "Tutakula".

RATIBA YA ZIARA YA FAMILIA, DISNEY'S ANIMAL KINGDOM, FLORIDA, JUMANNE TAREHE 22 AGOSTI 2023

Saa 12.30 asubuhi: Kuondoka nyumbani
Saa 1.30 – 2.00 asubuhi: Kuwasili, kukodi kiti cha magurudumu
Saa 2.00 – 3.30 asubuhi: Kuona wanyama kwa lori (wote)
Saa 3.30 – 4.30 asubuhi: Kutembea na kunywa chai (wote)
Saa 4.30 – 6.00 mchana: Kupanda Everest (mimi, binamu na mkaza mjomba), kupanda garimoshi (Nyanya, Mjomba, Mama na mdogo wangu)
Saa 6.00 – 7.30 mchana: Kula na kupumzika
Saa 7.30 – 8.30 mchana: Kutazama tamasha la simba ukumbini (wote)
Saa 8.30 – 10.00 alasiri:
Saa 10.00 – 11.30 jioni: Kupanda vyombo vya maji (wote wanaotaka)
Saa 11.30 jioni: Kuondoka

Hiyo nafasi tupu ya saa nane na nusu niliiacha makusudi. Mama ndiye aliyenishauri: kila siku ndefu ina jambo lake ambalo halikualikwa, liwekee kiti.

Siku yenyewe ilifika. Kiti cha magurudumu tulikikodi, Nyanya akakikataa katakata. "Mimi si mgonjwa." Kwa hiyo kikapanda kikapu cha mahamri na viazi karai vya mkaza mjomba, kwani huko unaruhusiwa kuingia na chakula chako bora tu usibebe chupa za glasi wala pombe. Kikapu kilisukumwa kifalme mpaka saa tano, ndipo Nyanya akasema ngoja akipakate kidogo kisianguke. Hakushuka tena.

Lori la wanyama ndilo lililotangulia. Jina la safari hiyo ni Kilimanjaro Safaris. Kwa dakika kama ishirini unapita katikati ya twiga, viboko, vifaru, tembo na simba, halisi kabisa, ila mibuyu mingine ni ya saruji. Kumtazama Mkenya akionyeshwa twiga na Mmarekani ni kichekesho, lakini nakiri ya kwamba mimi, mtoto wa Kenya, siku hiyo ndipo nilipomwona bongo kwa macho yangu mara ya kwanza. Wako katika misitu ya milima yetu, wamebaki wachache mno.

Tuliposhuka tukatokea katika mji. Enyi wanachama wa Kiswahili, hapa ningependa mngekuwepo! Mji huo wa kuigiza unaitwa Harambe. Ndiyo, harambee yetu, ile ya kwenye nembo ya taifa, imekatwa "e" moja. Nilitaka kutoa kalamu nyekundu. Waliojenga walisafiri Afrika Mashariki wakachukua mengi kutoka Lamu: kuta za rangi ya chokaa zilizochakaa, milango, ngome, mabango ya Kiswahili yaliyobanduka kana kwamba yamepigwa na mvua ya masika. Kuna duka la vinywaji liitwalo Tamu Tamu. Vinywaji vyenyewe havina mirija ya plastiki wala vifuniko, ili visije vikaingia kwa wanyama.

Nyanya yangu, ambaye hamjui, alizaliwa Lamu na kulelewa humo humo. Aliutazama ule ukuta kwa muda mrefu. Akaupapasa. Nikadhani ataulizia bei ya kitu.

"Mume wangu," akaniita, kama anavyoniita tangu nilipozaliwa, "hii ni Amu?"

"Wameiga, Nyanya."

"Wameiga vizuri." Akageuza shingo huku na huku. "Punda wako wapi?"

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Sijapata kumwona mtu mzima akicheka hivyo kisha akajifuta macho na kugeuka pembeni.

Mengine yalikwenda nilivyoandika. Everest niliipanda, na sitawadanganya kwamba sikupiga ukemi. Tamasha lilikuwa zuri, ingawa waliimba "Hakuna Matata" na mdogo wangu akauliza kwa sauti kubwa mbona kwetu tunasema "hakuna shida". Saa tisa kasorobo mbingu zikafunguka. Radi, mvua, watu mbio. Sisi tulikuwa Harambe tena, chini ya kibaraza, kwa sababu Nyanya aliomba turudi huko katika ile nafasi tupu.

Mvua ilikatika saa kumi. Mimi nikasimama na karatasi yangu: saa ya vyombo vya maji imefika! Nyanya na Mjomba walikuwa wamekaa mwisho wa kibaraza, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, Mjomba kwenye sakafu miguuni pake kama mtoto wa chuo, mahamri katikati yao. Walikuwa wanazungumzia watu ambao siwajui, nani alikufa, nani aliuza nyumba, nani aliolewa Matondoni. Nilienda hadi karibu nao, nikarudi. Mama akanitazama tu. Mdogo wangu nilimpeleka mimi mwenyewe kwenye maji, kwani ahadi ni deni, tukaloa chapachapa, tukarudi tukawakuta pale pale. Ile mashua ya kupita katika pango lenye taa, ambayo nilikuwa nimeipigia mistari miwili, hatukuipanda.

Shule zilipofunguliwa nilimpa mwalimu ratiba hiyo aisahihishe. Alinipa alama nzuri, ila mbele ya saa 8.30 aliandika kwa wino mwekundu: "Shughuli haikutajwa." Nilichukua kalamu nikaijaza hapo hapo mezani pake, nikafuta na mstari ulioifuata, nikarefusha muda hadi saa 11.30 jioni: "Nyanya na Mjomba kuzungumza."