Kaa Naye, Chagueni Tatizo Moja

Mtu akifiwa, akiachishwa kazi au akiuguliwa na mtoto, wengi wetu tunampa maneno yaleyale: pole sana, yatapita, ukihitaji chochote niambie. Sina shaka na nia ya anayeyasema. Shaka yangu iko kwenye matokeo yake. Ukimwambia aliyelemewa "ukihitaji chochote", umemwachia yeye kazi ya kupanga mahitaji yake, kuchagua la kuomba na kushinda aibu ya kuomba, na hayo ndiyo hasa asiyoyaweza aliyeishiwa nguvu. Kwa hiyo naandika kuhusu tendo jingine. Ni dogo kiasi cha kufanyika jioni moja kibarazani, na lina ushahidi kuliko mengi yanayohubiriwa kwa jina la matumaini: kuketi na mtu, kumwacha aeleze yanayomsumbua, kisha kumsaidia achague tatizo moja tu na hatua moja ya kulishughulikia kabla hamjaonana tena.

Ushahidi huo unatoka Zimbabwe. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliendesha Operesheni Murambatsvina, ya kubomoa makazi na vibanda vya biashara mijini, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Mwaka uliofuata daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi Mbare, kitongoji kikongwe cha Harare. Hakupewa chumba wala muuguzi, na nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 12 ilikuwa na madaktari wa fani yake kumi na wachache tu. Alichopata ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya ya jamii, ambao wenyeji huwaita ambuya utano, na nafasi ya kuweka benchi la mbao nje ya zahanati. Alipotaka benchi hilo liitwe la afya ya akili, bibi hao walimkatalia, kwani walijua hakuna ambaye angekubali kuonekana amelikalia. Likapewa jina la Kishona lenye maana ya benchi la kupeana mawazo, na duniani likajulikana kama Benchi la Urafiki. Wazo hilo limefika pia Malawi na Zanzibar, ambako watu wamezoea tangu zamani kuketi nje ya nyumba na kuzungumza.

Desemba 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliopitiliza. Zahanati ziligawanywa kwa bahati nasibu: nusu zikatoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa, nusu zikatoa vikao na wahudumu wa benchi, hadi sita kwa kila mtu. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona upande wa kwanza walikuwa 49.9%, na upande wa benchi 13.7%. Zaidi ya 40% ya washiriki walikuwa wanaishi na VVU, na pande zote mbili ziliishi katika uchumi uleule mgumu. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa huruma peke yake. Naamini inaelezwa na utaratibu. Mtu aliyekata tamaa haoni tena matatizo kumi. Anaona tatizo moja kubwa lisilo na pa kushika. Akiyataja moja moja mbele ya mtu asiye na haraka, yanarudi kuwa kumi. Akichagua moja na kulisogeza hata kidogo, anakuwa na ushahidi wake mwenyewe kwamba anaweza, na ushahidi huo una nguvu kuliko faraja ya mtu yeyote.

Ukitaka kuifanya kazi hii, tafuta mahali panapoonekana lakini pasiposikika, mkae ubavu kwa ubavu. Usimuulize kama ana sonona. Muulize kama siku hizi ana mawazo mengi, kisha unyamaze. Akimaliza la kwanza, uliza, "Na lingine?" Endelea hadi yaishe. Hapo ndipo ulimi hukuwasha kutoa ushauri, na ndipo wengi tunapoharibu, maana ushauri wa mapema humwonyesha kwamba umeshachoka kusikiliza. Uliza badala yake: "Tukianza na moja, tuanze na lipi?" Achague yeye, hata kama wewe ungechagua jingine. Kisha shukeni hadi kwenye hatua inayoweza kutajwa kwa siku na kwa jina la mtu. Kama ni kodi ya nyumba ya miezi mitatu, "nitatafuta hela" haitoshi. "Alhamisi jioni nitamwendea mwenye nyumba nimwombe nilipe kwa mafungu, na dada atanisindikiza" inatosha. Mwisho mpange siku ya kuonana, na siku hiyo uende, hata mvua ikinyesha. Akiwa hakufanya, usimlaumu. Hatua ilikuwa kubwa, ipunguzeni.

Kuna watakaosema umaskini hauondolewi kwa mazungumzo. Wana haki, na nakubaliana nao kwamba kumwambia mwenye njaa awe na fikra chanya ni kumkosea heshima. Lakini aliyelemewa na mawazo hawezi kupanga foleni ofisini, kufuatilia haki yake wala kumeza dawa kwa wakati. Kumrudishia nguvu hakumwondolei mwenye mamlaka wajibu wake. Kunamrudisha mdai kwenye madai. Tena Harare kazi haikuishia kwenye benchi. Waliomaliza vikao walialikwa kwenye vikundi vya kusaidiana, wakisuka mifuko kwa plastiki zilizokwisha kutumika huku wakiendelea kuzungumza. Hivyo aliyesikilizwa jana anakuwa msikilizaji wa mwingine, na hivyo ndivyo ninavyoelewa kuenea kwa matumaini. Wanachama wa vikoba hapa kwetu tayari wana duara kama hilo kila wiki. Wanachohitaji ni kutenga muda kidogo kabla ya kuhesabu hisa.

Pingamizi la umbea nalipa uzito zaidi, kwa sababu mtaani siri ikitoka, madhara yake hayarudishwi. Asiyeweza kutunza siri asijaribu kazi hii kabisa. Anayeweza aseme mwanzoni kwamba yote yatabaki pale, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini, na asiandike lolote kwenye simu.

Wengine watauliza: sisi si wataalamu, je, hatutadhuru? Bibi wa Harare walifunzwa na kusimamiwa na wataalamu, na waliowakuta na fikra za kujiua waliwapeleka kwa wenye ujuzi zaidi. Nawe jiwekee mpaka huohuo. Ukihisi hatari, uliza waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, na msindikize hospitali siku hiyohiyo. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii naye anahitaji daktari.

Kwa wanaume ninasema kwa tahadhari, kwa kuwa washiriki wa utafiti ule zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa wanawake. Mwanaume wa kwetu akiitwa pembeni "tuzungumze" hujiandaa kwa shari. Nadhani ni bora kumfuata alipo: kijiweni watu wakishapungua, shambani mkipalilia, njiani mkirudi kutoka msibani. Akisema ni uchovu tu, kubali, umtajie siku utakayopita tena, kisha upite.