Kuvuka Gadi kwa Anayeanza Jujitsu

Kijana anayeshusha magunia mpakani Tunduma akiingia kwenye jujitsu ya Kibrazili siku ya kwanza, hutegemea mabega. Mwenzake mwembamba analala chali, anamzungushia miguu kiunoni na kufunga visigino nyuma ya mgongo wake. Mbabe anasukuma kwa mikono, anainamisha kichwa, ananyoosha mkono akitafuta shingo ya kupiga roba. Muda si mrefu mkono huohuo umenaswa katikati ya mapaja, kiwiko kimenyooshwa hadi mwisho, naye anagonga mkeka kuomba aachiwe.

Miguu ile ndiyo gadi, na kuivuka ndiko kunakomsumbua mgeni wa mchezo huu kuliko jambo lolote jingine. Ninachotaka kusema ni kimoja: gadi huvukwa kwa mgongo, nyonga na nyayo. Mikono huja kushikilia kile ambacho mwili umeshakipata.

Kwenye mieleka tuliyoizoea utotoni, aliyelala chali ameshindwa. Hapa sivyo. Maadamu miguu yake iko kati yako na kifua chake, bado anapigana, na mara nyingi yeye ndiye anayeshambulia. Mchezo ulizaliwa hivyo. Mitsuyo Maeda, Mjapani aliyebobea katika judo, alifika Brazil mwaka 1914. Carlos Gracie akajifunza kwake mjini Belém, baadaye akafungua chuo Rio de Janeiro, na mdogo wake Hélio, mtu wa umbo dogo, akaupa uzito upande wa kupigana ukiwa chini. Novemba 1993, huko Denver, Royce mwana wa Hélio akashinda mashindano ya kwanza ya UFC, yaliyokutanisha wapiganaji wa michezo tofauti, dhidi ya watu waliomzidi kilo nyingi. Watazamaji wengi hawakuelewa mtu anashindaje akiwa amelaliwa.

Kabla ya mbinu, tuzungumzie mahali pa kuangukia. Mikeka ya dukani ni ghali, lakini hata Brazil vilabu vya watu wa kawaida hutandika mabaki ya tairi yaliyosagwa, kisha huvutia turubai juu yake. Tunduma haina uhaba wa turubai wala tairi. Angalizo kubwa ni kwamba tairi za malori zina nyuzi za chuma ndani, na uzi mmoja ukitoboa turubai utachana goti la mtu. Tumia tairi za baiskeli na bodaboda, ukate kabisa kingo zenye waya, au tumia mipira ya ndani. Pumba za mpunga kutoka bonde la Kamsamba zikishindiliwa kwenye viroba nazo zinafaa, ingawa hushuka na kuacha mabonde, hivyo zipigwe na kusawazishwa kila wiki. Mkeka wa namna hii ni wa kufanyia kazi ya chini tu. Msirushane juu yake.

Gi, yaani vazi la mchezo huu, ikikosekana, jaketi nene la mtumba linatosha kujifunzia kushika ukosi na mikono ya nguo. Ng'oa vifungo na zipu kwanza, maana hivyo ndivyo vinavyokata vidole. Kucha ziwe fupi, turubai lifutwe kwa maji ya sabuni kila baada ya mazoezi, na mwenye mashilingi kichwani au mwilini apumzike mpaka apone. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya nyanda hizi inapokaza, magoti yapashwe moto kuliko kawaida. Mtu anayepiga magoti juu ya turubai la baridi saa kumi na mbili asubuhi atanielewa. Kisha kuna sheria isiyo na mjadala: mwenzako akigonga mkeka, akikugonga mwilini au akisema "basi", unaachia papo hapo.

Sasa uko ndani ya gadi iliyofungwa, umepiga magoti. Hapa mbeba mizigo ana elimu asiyojua kwamba anayo. Ukiinua gunia la mahindi la kilo 100 mgongo ukiwa umepinda na kichwa kimeinama, kiuno kitakulipiza jioni. Kwa hiyo mwili wake umeshazoea kunyoosha mgongo, kutoa kifua na kutazama mbele. Mkao huohuo ndio unaotakiwa ndani ya gadi. Vidole vya miguu vikunjwe vikanyage mkeka, magoti yapanuke kidogo, makalio yakaribie visigino, kichwa kiwe juu ya nyonga zako mwenyewe. Kichwa kikisogea mbele ya magoti, umeshakuwa mali yake: atakivuta, na kila shambulio lake huanzia hapo.

Mkono mmoja ushike kosi zote mbili pamoja, chini kidogo ya kifua chake, uzibane hapo. Mwingine ukae kwenye nyonga yake. Viwiko vibaki karibu na mbavu zako, ndani ya mapaja yake. Kiganja kisiwekwe kamwe kwenye mkeka pembeni yake, kwa sababu mkono uliosimama peke yake hunaswa na kusokotwa begani, au hutumika kukupindua. Wala usiifuate shingo yake. Najua inavyotamanisha, iko pale mbele yako! Lakini roba ya mgeni akiwa ndani ya gadi ni zawadi kwa aliye chini, ambaye anachotaka ni huo mkono uunyooshe.

Kuna kanuni nyingine ya mikono ambayo ningeichora ukutani: yote miwili ndani ya miguu yake, au yote miwili nje. Mmoja ndani na mmoja nje ndiyo njia ya moja kwa moja ya kupigwa kabali ya miguu, ile ambayo paja lake linabana shingo yako upande mmoja na bega lako mwenyewe linakukaba upande wa pili. Ukijikuta hivyo, acha kila ulichokuwa unafanya, nyoosha mgongo, rudisha mkono.

Kufungua visigino kuna njia nyingi. Baadhi ya watu hubonyeza viwiko kwenye mapaja mpaka mwenzao aumie na kuachia. Inamshinda mvumilivu yeyote, na inajenga uadui kwenye kilabu kidogo. Mimi namshauri anayeanza asimame. Miguu iliyofungwa kiunoni mwa mtu aliyesimama hubeba uzito wa mwenyewe, na huchoka bila wewe kupigana nayo.

Mkono wako wa kulia ukiwa umebana kosi zake, mkono wa kushoto ushike mkono wa nguo yake ya upande huohuo wa kushoto kwako, uubane tumboni kwake. Kisha inua mguu wa kushoto kwanza, yaani ule ulio upande uliomnyima mkono, kwa sababu upande ule hawezi kukudaka kifundo cha mguu na kukuangusha. Weka unyayo mzima chini, halafu wa kulia. Simama kwa mapaja, mgongo ukiwa umenyooka, na unapofika juu sukuma nyonga zako mbele kidogo. Wengi husahau hilo la mwisho. Wanasimama wakiwa wamepinda kama wanaokota kitu, na wanavutwa tena chini. Ukishatulia, achia mkono wa nguo, weka kiganja ndani ya goti lake la upande huo na ulisukume kuelekea chini huku ukigeuza nyonga na kurudi nyuma hatua nusu. Visigino vitaachana.

Asiyeachia ananing'inia. Hapo nguvu za mpakani humshawishi mtu amwinue mwenzake na kumbamiza chini. Usifanye hivyo. Katika sheria za IBJJF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, kumbamiza mtu chini ni kufukuzwa pambano moja kwa moja, na kwenye turubai lako la pumba unaweza kumvunja shingo rafiki yako. Subiri, sukuma goti, geuza nyonga tena.

Miguu ikifunguka, usishangilie. Gadi bado ipo, ila imekuwa wazi, nayo ina matabaka matatu: nyayo, kisha magoti, kisha nyonga. Kila tabaka ulilopita lazima ulifunge kabla ya kugusa linalofuata. Mgeni huruka nyayo akakimbilia kifua, na mara anakuta goti limeingia kati na kumrudisha alikotoka.

Anza na njia ya kuzunguka, ambayo Wabrazili huiita toreando kwa mfano wa wapiganao na fahali. Ukiwa umesimama, shika suruali zake karibu na magoti, au, kama hakuna gi, bonyeza miundi kwa viganja kutoka juu. Sukuma magoti yote mawili kuelekea upande mmoja, na nyayo zako zitembee upande wa pili, hatua mbili tatu za haraka, mpaka ulingane na nyonga yake. Kosa la wote ni kusukuma kwa mikono huku miguu imeganda. Basi yeye anageuka tu na kukutazama tena. Nyayo zitangulie. Ukifika, bega lako lishuke juu ya tumbo lake na mkono mmoja uzuie nyonga, kwa maana nyonga ikiwa huru itageuka, na ikigeuka goti litarudi.

Njia ya pili ni goti linalokata katikati, na kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu moja tu, ningemfundisha hii. Mguu wako wa kulia uko kati ya miguu yake. Goti hilo la kulia linateleza juu ya paja lake la kulia, lile lililo kushoto kwako, kuelekea kwenye mkeka ubavuni mwake. Mguu wako wa kushoto umekanyaga mbali, nje, ukikupa mhimili. Lakini goti lisianze safari kabla mikono haijapata vitu viwili: mkono wa kulia umepita chini ya kwapa lake la kushoto, na wa kushoto umeshika mkono wa kulia wa nguo yake na kuuvuta juu. Hilo kwapa ndilo pambano lenyewe. Akiwahi yeye kupitisha mkono chini ya kwapa lako, atakaa ubavu, atachomoka, na utamkuta mgongoni kwako. Ukiwahi wewe, kichwa chako kinaingia chini ya kidevu chake, kifua kinamlaza chali, na goti linapita bila haraka.

Mara nyingi goti hupita na kifundo kikabaki kimebanwa kati ya miguu yake. Hiyo ni nusu gadi. Mtu hukasirika akaanza kuuvuta mguu kwa nguvu, na kila akivuta, kifua chake hunyanyuka na mwenzake hupata hewa. Mguu ubaki hapo kwanza. Lalia kifua, bega lako limgeuze uso kutazama upande wa pili, kisha tumia unyayo wa kushoto kusukuma goti lake la juu mpaka kifundo kiteleze chenyewe.

Katika mashindano ya IBJJF kuvuka gadi ni pointi 3, zaidi ya kumwangusha mtu au kumpindua, ambavyo ni pointi 2 kila kimoja. Pointi hizo huandikwa baada ya kumdhibiti kwa sekunde 3 ubavuni au juu yake. Judo, ambayo Mjapani Tsuyoshi Shimaoka ameifundisha Zanzibar kwa miaka mingi, ina mtazamo huohuo: ukimlalia mtu huku mguu wako umenaswa na miguu yake, muda wa kumshikilia hauhesabiwi. Basi ukifika ubavuni, kaa. Kifua juu ya kifua, bega kwenye taya, magoti yakigusa mbavu na nyonga yake, uzito ukishuka kwake badala ya kubaki kwenye magoti yako. Hesabu kimoyomoyo mpaka tatu, ndipo ufikirie kumpanda.

Kama mwalimu wako ni video ya simu na mko watano tu nyuma ya gereji Tunduma, Vwawa au Mlowo, msianze na mapambano kamili. Aliye chini aingize vidole gumba ndani ya mkanda wake na apigane kwa miguu tu. Aliye juu avuke. Hilo peke yake litawashughulisha wiki kadhaa, na litamfundisha aliye juu kwamba hata bila mikono mtu anaweza kumzuia. Baadaye rudisheni mikono, na pambano liishe mara mmoja anapovuka au anapopinduliwa, wabadilishane nafasi, simu ikiwekwa dakika tatu. Mzito asipewe mwembamba kila siku. Naye mzito awe anakaa chini mara nyingi kama wengine, maana ni kwa kuilinda gadi mwenyewe atakapohisi ni msukumo upi unaomtisha na upi unaomchekesha.