Mteja Akisema "Monita Yako Mbovu", Uliza Waya Kwanza

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, somo la leo ni kwa wanaouza monita za mtumba. Mimi niko Iringo, Musoma, na mizigo yangu mingi inapanda gari kwenda Bunda na Butiama. Mzigo ukirudishwa, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Na nyingi zinazorudi ni nzima kabisa! Tatizo ni poti au setingi.

Geuza monita, angalia mgongoni:

1. VGA: matundu 15 katika safu tatu, skrubu mbili pembeni, mara nyingi rangi ya bluu. Imeanza 1987. Inapitisha picha tu, sauti hapana.
2. DVI: pana zaidi, mara nyingi nyeupe, nayo ina skrubu.
3. HDMI: nyembamba, pembe mbili za chini zimekatwa. Picha na sauti zinapita waya mmoja. Ila kama monita haina spika, mwambie mteja mapema.
4. DisplayPort: inafanana na HDMI, lakini imekatwa pembe moja tu.

Sasa adapta. Mteja ana laptopu ya HDMI, wewe unauza monita ya VGA. Anahitaji adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA. Ya kutoka VGA kwenda HDMI haitafanya kazi hapo hata kama vichwa vinaingia, kwa sababu inapeleka picha njia moja tu. Muulize: picha inatoka wapi, inaenda wapi?

Setingi nazo zina maneno yake:

• Rizolusheni: idadi ya pikseli, mfano 1920 kwa 1080. Kompyuta ikiwekwa chini ya kiwango cha monita, maandishi yanakuwa na ukungu. Kioo hakijafa, apandishe tu.
• Uwiano: 16:9 ni kioo kipana. Sura za watu zikivutika kama chapati, uwiano haujakaa sawa.
• Hezi: hezi 60 ni kuchora picha upya mara 60 kwa sekunde.
• Mwangaza na kontrasti: zinarekebishwa kwa vitufe vya monita yenyewe. Picha hafifu? Aanze hapo.

Kwahiyo tangazo la "monita kali, bei poa, njoo inbox" halitoshi. Andika hivi: "Inchi 22, ina VGA na HDMI, 1920 kwa 1080, haina spika, waya wa umeme upo." Weka na picha ya mgongoni.

Kabla hujafunga boksi, mwambie mteja akutumie picha ya poti za kompyuta yake. Ni dakika moja tu, bando kidogo. Kisha washa monita, rekodi video fupi ikionyesha picha, mtumie ndipo upeleke mzigo stendi. Akipiga simu kesho kwamba haiwaki, mtaanzia kwenye waya, siyo kwenye ugomvi.