Namna Ninavyolitumia Neno "Clarity"

Katika kazi yangu ya kuhariri barua na ripoti za Kiingereza zinazoandikwa na Waswahili wenzangu, neno linalonisimamisha mara nyingi ni "clarity". Ni neno zuri, ila wengi tumeligeuza pambo.

Asili yake ni Kilatini, "clarus", yaani chenye kung'aa au kilicho wazi. Hata mtu mashuhuri aliitwa hivyo. Leo "clarity" ni hali ya kitu kuonekana, kusikika au kueleweka bila utata: picha, sauti ya redio, maji, maelezo ya mwalimu. Wapima vito nao wanalo. Taasisi ya GIA ya Marekani hupanga almasi katika madaraja 11 ya "clarity", kwa kutazama dosari zake chini ya lenzi inayokuza mara 10. Hata samli kwa Kiingereza ni siagi iliyofanyiwa "clarify": imeyeyushwa, ikatenganishwa na maji na machicha.

Usilichanganye na "transparency". Huo ndio uwazi aliousisitiza Rais wa zamani wa Tanzania, Benjamin Mkapa, alipohimiza uwazi na ukweli, yaani kutoficha. Bajeti ya kijiji inaweza kubandikwa ukutani kila mtu aione, na bado isieleweke. Hapo "transparency" ipo, "clarity" haipo. "Clearance", nayo, mara nyingi ni habari ya forodha na bandari.

Kisarufi, "clarity" kwa kawaida haina wingi. Kitenzi chake hupokea yambwa moja kwa moja: andika "clarify the date", si "clarify about the date".

Sasa penye shida kubwa. Mtu anaandika: "We need more clarity on the payment." Mhasibu akiisoma afanye nini? Mimi humrudia mwandishi nikamwuliza: ni kitu gani hasa hakijaeleweka, kiasi, tarehe au mlipaji? Akishanijibu, jibu lake ndilo linaloingia kwenye barua: "Who will pay, and when?" Maneno matano, na mhasibu anajua la kujibu.

Silifuti kila mahali. Ukisifia "the clarity of her explanation", liache, maana hapo linataja sifa halisi. Lakini likiwa limekaa mahali pa swali uliloogopa kuuliza, liondoe. Kabla hujatuma barua yako ijayo, litafute humo ndani, na ukilikuta, uliza swali lenyewe.