Kabla hujakimbilia kadi, mdogo wangu

Njoo hapa tuongee, mdogo wangu. Najua kuna pesa kidogo umeweka. Labda zamu yako ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, imefika, labda kaka yako aliye ng'ambo amekukumbuka, labda ulibeba mizigo bandarini Kalundu likizo nzima. Na najua unazitaka zifanye nini: kompyuta yako mwenyewe ya kuchezea gemu, usilipe tena kwa dakika kwenye vibanda vya watu, usisimame tena nyuma ya kiti cha mwenzako ukimtazama anavyoendesha magari ya GTA. Sikucheki wala sikukatazi. Kijana anayechagua vifaa na kuviunganisha kwa mikono yake anajifunza kazi, na kazi hiyo hapa Uvira ina wateja. Ila nikikuuliza utaanza kununua nini, jibu lako nalijua: kadi ya grafiki. Hapo ndipo nakushika mkono.

Anza na umeme.

Umeme wetu unatoka Ruzizi, kule juu kuelekea Bukavu. Mtambo wa kwanza uliwashwa 1958, wa pili 1989, na huo wa pili tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji nao haukubaki ule wa 1958. Unajua mwenyewe umeme unavyokuja: unashuka mpaka balbu inabaki wekundu mtupu, unakatika, kisha unarudi kwa kishindo usiku wa manane wakati mmelala na kila kitu kimechomekwa. Kishindo hicho ndicho kinachoua mashine za vijana wetu. Nimeona mtu analia kadi yake imeungua, anamlaumu aliyemuuzia, kumbe aliiweka juu ya alimentasio ya bei ya kutupa.

Alimentasio ni kile kisanduku cha chuma ndani ya kasha kinachopokea waya wa ukutani. Usikiamini kwa maandishi tu. Zipo zilizobandikwa wati 600, ukizinyanyua ni nyepesi ajabu, ndani hamna kitu. Tafuta ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 PLUS. Wati 450 hadi 550 zinakutosha kabisa. Halafu, kabla hujachomeka chochote, geuza mashine utazame nyuma yake. Baadhi zina kitufe chekundu kidogo kimezama ndani, upande mmoja kimeandikwa 115 na upande wa pili 230. Mashine iliyotumika Marekani huenda imewekwa kwenye 115, na umeme wetu ni wa volti 220. Ukichomeka hivyo utasikia mlio mmoja tu, utaona moshi, na akiba yako ya miezi imeishia hapo. Chukua bisibisi, sukuma kitufe taratibu mpaka usome 230. Ni jambo dogo, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya hapo nunua UPS yenye kurekebisha volti. Namba ya 650VA isikudanganye, kwa sababu VA si wati. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba wati kama 360 au 390. Na haikuletwa ili uendelee kucheza gizani. Inakupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima vizuri. Mimi ushauri wangu ni huu: katika kila dola nne ulizo nazo, moja iwe ya kulinda zile tatu. Najua inauma, kwa sababu UPS haina cha kuwaonyesha marafiki.

Wengine mtaniambia, dada, sisi nyumbani tuko kwenye sola. Haya, tupige hesabu pamoja. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, na kama ni ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Mashine ndogo ya gemu pamoja na skrini yake inaweza kula wati 180. Masaa matatu ya kucheza ni Wh 540, na hapo sijahesabu zinazopotea kwenye inveta. Unaelewa maana yake? Jioni yako moja imemaliza taa ya mama, simu za nyumba nzima na redio ya baba. Siku ya kwanza watanyamaza. Siku ya tatu kutakuwa na maneno, na maneno hayo hayatahusu umeme peke yake: yatafika mpaka kwenye masomo yako, marafiki zako na mambo ya mwaka juzi. Kwa hiyo zungumza na wenye nyumba kabla ya kununua. Waambie mashine itakula kiasi gani, na wewe utachangia nini.

Kuna jingine, na nalisema kwa uzito. Mwezi wa kumi na mbili 2025 vita vilipofika Uvira, majirani zetu wengi walivuka kwenda Burundi na kile tu walichoweza kubeba. Kompyuta ya mezani na skrini yake havibebeki kichwani huku umeshika mkono wa mtoto. Ukiniambia hali yenu haijatulia, au nyumbani ni sola ndogo tu, nitakushauri laptop ya okazi, yaani iliyokwisha kutumika, yenye kadi yake ya grafiki, hata kama kwa pesa ileile itacheza gemu chache zaidi. Usione haya kuichagua. Wenzako wanaosema laptop si mashine ya gemu hawatakusaidia kubeba kompyuta ya mezani.

Kama umeamua mezani, basi tusonge mbele.

Mwenye pesa kidogo sana atazame minara ya maofisini, zile Dell OptiPlex, HP na Lenovo zilizotumika Ulaya na Dubai kisha zikashuka kwetu kupitia Bujumbura au Dar es Salaam na Kigoma. Ni mashine ngumu, nazipenda. Lakini muuzaji akikwambia "hii ni Core i5", usitikise kichwa kana kwamba umeelewa. Core i5 zinatengenezwa tangu 2009! Soma namba baada ya kistari. i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 ni ya kizazi cha nane, na kati yao kuna ukuta. Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, na Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Watu watakuonyesha njia za kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, na itawaka, lakini gemu kama Valorant hukagua ulinzi wa mashine kwenye Windows 11 na itakufungia mlango. Ukipata ya kizazi cha nane, ongeza dola kidogo uichukue.

Tena uchague kasha kubwa. Zile nyembamba zinapendeza mezani, lakini kadi ya kawaida haiingii, inataka kadi fupi ambazo huku kwetu ni za kutafuta kwa tochi. Na kwenye OptiPlex nyingi alimentasio ni ya aina yake, soketi zake si zile za kawaida, kwa hiyo huwezi kuibadilisha kirahisi. Humo weka kadi isiyodai waya wa ziada, inayoridhika na wati 75 za pale inapochomekwa. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 nyingi ziko hivyo. Si mpya, lakini zitakuchezesha eFootball, GTA V na Counter-Strike 2 ukishusha mipangilio ya picha.

Mwenye nafuu kidogo anayejenga kipya, mimi ningempeleka kwa Ryzen 5 5600G. Herufi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko unavyofikiri. Yenye G ina grafiki ndani yake, unaanza kucheza leo bila kadi, kadi utaongeza zamu nyingine ya likelemba ikifika. Ryzen 5 5600 bila G haina. Kwa Intel, ukiona F mwishoni kama i3-12100F, ujue nayo haina. Kila mara kuna kijana anayenunua F kwa sababu ni rahisi, anaunganisha kila kitu, anawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Usiku mzima anafungua na kufunga, anafikiri ameharibu, anaogopa kumwambia mtu. Mdogo wangu, hujaharibu kitu. Ulikosa kusoma herufi moja, na si wewe wa kwanza.

Kwa RAM lenga GB 16, na ziwe vipande viwili vya nane nane, si kimoja cha kumi na sita, hasa ukitumia 5600G, maana grafiki yake inakopa kwenye RAM hiyohiyo na vipande viwili vinaipa njia pana. Tazama ubao mama unataka DDR3, DDR4 au DDR5. Haviingiliani hata ukisukuma kwa nguvu. Bei ya RAM ilipanda sana kuelekea mwisho wa 2025 kwa sababu viwanda vinapeleka memori kwenye mashine kubwa za akili bandia, kwa hiyo muuzaji akikutajia bei ya juu huenda hakudanganyi. Ukibanwa, anza na GB 8 na uache tundu moja wazi. SSD ya GB 500 inatosha. Counter-Strike 2 peke yake inataka GB 85. Halafu fikiria GB 85 hizo utazishushaje kwa mega za simu. Nenda kwa mwenzako mwenye gemu tayari, mnakili faili zake kwenye diski ya nje, programu unayoshushia gemu itakamilisha kidogo kilichobaki. Hiyo ni halali kwa gemu za bure, na inajenga urafiki.

Sasa turudi kwenye ile kadi uliyoikimbilia. Soko lina kadi za uongo: chipu ya miaka mingi iliyopita imeandikwa jina jipya, hata Windows inasoma jina hilo la uongo. 1050 Ti ya kweli haikuundwa na tundu la VGA, lile la bluu lenye matundu madogo kumi na matano. Ukiona kadi inaitwa 1050 Ti na tundu hilo lipo, rudi nyuma. Beba kwenye flash programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z, iwashe mbele ya muuzaji. Kadi nyingi za uongo inaziandikia waziwazi kwamba ni za uongo. Na anayekufuata barabarani na simu ana kadi "ya leo tu, kesho haipo", kumbuka kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nataka pia tuseme habari ya taa za rangi. Najua ukiziona kwenye video roho inakwenda. Feni zinawaka zambarau, kasha lina kioo ubavuni, na wewe unajiona mdogo na mnara wako mweusi wa ofisini. Haya hiyo ndiyo inayofanya watoto wetu waguse pesa ya minervali, yaani ada ya shule. Ukishaigusa hutacheza kwa raha. Kila mama akipita mlangoni utapunguza sauti. Taa haziongezi hata picha moja kwa sekunde. Afadhali uchelewe miezi mitatu mashine ije bila deni.

Ikifika nyumbani, isikae chini. Wa Mulongwe mnakumbuka mwezi wa nne 2020, mto ulivyoingia majumbani usiku. Hata bila mafuriko, kiangazi vumbi la barabara linakaa chini kwanza. Iweke juu ya meza, ipulize vumbi kila mwezi ikiwa imezimwa, usiifunike kitambaa ikiwa inafanya kazi, hata kama mama anapenda kufunika kila kitu kwa kitambaa kilichofumwa. Mweleze kwa upole kwamba inapumua.

Siku ya kununua usiende peke yako, na dola zako ziwe safi, maana yenye kachaniko hata kadogo wataikataa mkiwa mmeshapatana. Mwambie muuzaji aiwashe mashine mbele yako, muweke gemu, mkae nusu saa, weka mkono nyuma ya kasha usikie joto, sikiliza feni. Omba risiti yenye namba ya mashine, na kama imevuka mpaka, omba nakala ya karatasi ya forodha. Muuzaji mzuri ataleta kiti ukae. Akikataa kukuwashia, mshukuru, rudisha pesa mfukoni, uingie mlango wa jirani yake.