Gari la Kukodi: Kurudisha Kunaanza Siku ya Kuchukua

Somo letu mara hii ni gari la kukodi. Vikundi vingi huku Imenti Kusini havina gari lao, na kununua ni deni la miaka. Kwa hiyo ndizi zikikomaa tunakodi pikapu ya mtu kwa mwezi mmoja, miwili au mitatu. Tunalipa kodi, na juu yake tunaweka pesa za dhamana. Hiyo dhamana ndiyo huleta vilio.

Sisi wenyewe tulilia. Tulikodi pikapu miezi mitatu, tukaweka dhamana ya shilingi 20,000. Siku ya kurudisha tulifika kwa mwenye gari saa moja jioni, mvua inanyesha, gari ni tope tupu. Akasema tuache funguo, ataliangalia asubuhi. Baada ya siku mbili tukaitwa: bampa ya nyuma imebonyea, jeki haipo, tairi moja imekatika ubavuni. Tukarudishiwa 6,000. Tairi ni sisi, tuseme ukweli, tulipanda jiwe tukishuka mtoni. Lakini bampa, dereva wetu aliapa aliikuta hivyo. Jeki hatukuwahi kuiona hata siku moja. Tukaulizwa, "Mliandika wapi?" Hatukuwa tumeandika popote. Zile 14,000 zilikuwa za tangi la maji la akina mama, na mpaka tulipochanga upya walichota mtoni msimu mzima.

Hatumlaumu mwenye gari. Pengine bampa ilibonyea mikononi mwetu na dereva akanyamaza. Bila maandishi, hata sisi hatuna la kumjibu mtu.

Basi siku ya kuchukua, nendeni watu watatu, mchana, gari likiwa limeoshwa. Kuleni nusu saa hapo, msione haya. Mmoja anazunguka gari akisema anachoona, wa pili anaandika katika daftari, wa tatu anasimama na mwenyewe. Andikeni kilomita zilizo kwenye dashibodi, mafuta yamefika wapi, kila mkwaruzo na mahali pake, hali ya kila tairi pamoja na spea, kama jeki ipo, spana ya magurudumu ipo, pembetatu za kuonya zipo. Mmoja alale chini aangalie kama oili inavuja. Siku hizi kila kikundi kina mtu mwenye simu ya kupiga picha: pigeni pande zote nne, ndani, na dashibodi, halafu mtumie mwenye gari picha hizo siku hiyo hiyo ili tarehe isibishaniwe. Lakini daftari lisiachwe kwa sababu ya simu. Simu huanguka chooni. Mwisho, pande zote mbili zitie sahihi.

Kuna jambo la bima ambalo wengi hurukia. Bima ya gari la mizigo inaweza kuwa ya kubeba mali ya mwenyewe tu, au ya kubeba mali ya watu kwa malipo. Hizo ni mbili tofauti. Kama kikundi kitabebea majirani ndizi kwa pesa, na bima ni ile ya kwanza, ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Ombeni kuiona hati yenyewe.

Ulizeni pia oili na matengenezo ni ya nani. Msidhani kukodi ni mambo ya maskini, Serikali yenyewe imekuwa ikikodi magari ya polisi tangu 2013. Katika mpango wa namna hiyo, kwa kawaida kampuni yenye magari ndiyo hushughulikia matengenezo. Huku kwetu mara nyingi huambianwa kwa mdomo tu, na gari likiharibika kila mtu anakumbuka lake. Iandikwe.

Gari likiwa mikononi mwenu, dereva awe mmoja. Asubuhi kabla ya kuwasha, apime oili kwa kijiti chake na aangalie maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Rejeta ya moto ikifunguliwa huunguza mtu uso. Upepo wa tairi pia hupimwa tairi zikiwa baridi. Tena mzigo: mikungu 40 ya kilo 25 kila mmoja ni tani moja kamili, na pikapu nyingi za kwetu haziwezi zaidi ya hapo. Wale vijana wanaokaa juu ya mikungu ni uzito pia! Springi zikikatika, hakuna atakayeuita huo uchakavu wa kawaida. Tandikeni majani makavu ya mgomba chini ya mzigo, na utomvu ukidondoka kwenye rangi uoshwe siku hiyo, kwa sababu ukikauka huacha doa jeusi lisilotoka. Mvua za Machi hadi Mei, tope letu jekundu hujishindilia juu ya magurudumu na kukaa na unyevu, na chuma huanza kuoza. Osheni na chini pia, si milango tu.

Wiki moja kabla ya kurudisha, lichukueni daftari mzunguke gari tena. Kilichochakaa kwa kutumika, kama tairi kuisha sawasawa au kiti kufifia, si deni lenu. Kilichovunjika au kupotea ni chenu. Msikimbilie kupaka rangi kwa fundi wa njiani ili kuficha, kwani rangi isipofanana mtalipa mara mbili. Mwambieni mwenye gari mapema, ulizeni bei kwa mafundi wawili, yeye achague. Rudisheni mchana, mafuta yakiwa kama mlivyoyakuta, bodi imefagiliwa. Msiondoke kabla hajasoma daftari pamoja nanyi na kutia sahihi kwamba amepokea.

Sisi tulikodi tena mwaka uliofuata, kwa mtu yule yule. Safari hii jeki haikuwepo pia. Tuliandika, "jeki haipo," naye akatia sahihi akicheka.

Ya kujadili mkutanoni:
Daftari la gari litakaa kwa nani, mwekahazina au dereva?
Dereva akigonga gari usiku, tutafanyaje ili asiogope kusema asubuhi?